Kisa cha Plumtree: ukurasa mmoja mbele ya mifumo ya watu

Agosti 2005 kampuni ya BEA Systems ya San Jose, California, ilitangaza kuinunua Plumtree Software ya San Francisco kwa takriban dola milioni 200 taslimu, sawa na dola 5.50 kwa hisa. Miaka mitatu kabla ya hapo, Juni 2002, hisa hizo hizo ziliingizwa sokoni Nasdaq kwa dola 8.50. Plumtree haikuwa imefilisika. Ilikuwa na wateja wakubwa, bidhaa yake iliheshimiwa na mafundi, na mtu akizungumzia potali za kazini jina lake lilitajwa miongoni mwa ya mwanzo. Kilichokuwa kinaisha ni fani yenyewe kama biashara ya kujitegemea.

Potali ya kazini ni ule ukurasa ambao mfanyakazi anaufungua asubuhi, anaingia kwa nywila moja, na hapo hapo anakuta barua pepe, salio la likizo, ripoti za mauzo, waraka mpya wa idara ya fedha na kisanduku cha kutafutia faili. Mwalimu wa Tanzania aliyeomba uhamisho kupitia ESS, mfumo wa mtandaoni wa watumishi wa umma kujihudumia, au mtumishi wa Kenya aliyewahi kuchukua hati yake ya mshahara kwenye GHRIS, mfumo wa taarifa za watumishi wa serikali, anakijua kitu hiki vizuri hata kama hajawahi kusikia jina la Plumtree. Nimekichagua kisa cha kampuni hii kwa sababu ni wachache waliojaribu kuuza potali tupu: bila mfumo wa mishahara nyuma yake, bila hifadhidata, bila barua pepe. Anayetaka kujua potali ina thamani gani hasa, amwangalie aliyeiuza bila kitu kingine mkononi.

Kero waliyoikuta

Miaka ya tisini kampuni kubwa za Marekani na Ulaya zilinunua mifumo kwa pupa. SAP R/3, iliyotoka 1992, ilishika uhasibu na maghala. PeopleSoft ikashika mishahara na kumbukumbu za watumishi, Siebel ikashika mauzo. Barua pepe na nyaraka za vikundi vya kazi zikawa kwenye Lotus Notes au Microsoft Exchange, na mafaili mengine yote yakarundikwa kwenye seva za idara, folda ndani ya folda, kila moja ikifuata akili ya aliyeianzisha. Kila mfumo ulikuja na programu yake ya kusakinishwa kwenye kompyuta ya mfanyakazi, nywila yake na menyu zake. Kivinjari kilipoingia maofisini hali haikutulia. Kila idara ilijitengenezea tovuti yake ya ndani, na muda si mrefu hakukuwa na mtu anayejua zipo ngapi.

Plumtree ilianzishwa 1996 na Glenn Kelman, Joseph Ng na Kirill Sheynkman. Mwaka huo huo Yahoo ilitoa My Yahoo, ukurasa ambao kila mtu aliupanga atakavyo: hali ya hewa hapa, bei za hisa pale, matokeo ya michezo chini. Wafanyakazi walikuwa wameshaona nyumbani kwamba ukurasa mmoja unaweza kukusanya habari kutoka sehemu nyingi. Wakifika ofisini walirudi kwenye dunia ya nywila saba.

Bidhaa ya kwanza ya Plumtree haikuwa potali kwa maana tunayoizoea sasa. Ilikuwa orodha. Programu ilipita kwenye seva za mafaili, kwenye hifadhidata za Notes na kwenye tovuti, ikazisoma nyaraka, ikaziainisha kwenye saraka yenye matawi kama ile ya Yahoo ya wakati ule, kisha ikaziacha pale pale zilipokuwa. Ulichokipata kwenye saraka ni kiungo cha kukupeleka kwenye waraka. Kazi ngumu, na hapa nawapa sifa zote wanazostahili, ilikuwa kuzibeba haki za kusoma pamoja na kiungo. Mtu akitafuta neno "wafanyakazi" ndani ya kampuni yenye watu elfu hamsini, matokeo hayatakiwi kumwonyesha hata kichwa cha faili asiyoruhusiwa kuifungua. Kichwa nacho ni siri. "Orodha ya watakaopunguzwa, robo ya tatu" ni habari tosha, huna haja ya kujua yaliyomo. Kwa hiyo programu ilibidi izisome ruhusa za Windows NT, za Notes na za Exchange, kila moja ikiwa na namna yake ya kueleza nani aone nini, na kuziweka zote kwenye utaratibu mmoja. Kazi ya namna hii haionekani kwenye skrini na haimvutii mteja siku ya maonyesho, lakini ndiyo inayomfanya mkuu wa TEHAMA aiamini kampuni changa.

Vile visanduku vya kwenye ukurasa vilifuata baadaye. Plumtree iliviita gajeti. Wengine waliviita potleti, na jina hilo la pili ndilo lililoshinda.

Novemba 1998 wachambuzi wawili wa benki ya Merrill Lynch, Christopher Shilakes na Julie Tylman, walitoa ripoti iliyotabiri kwamba soko la potali za taarifa za kazini lingefika dola bilioni 14.8 ifikapo 2002. Utabiri huo ulisomwa na kila mwenye mtaji pale California, na kila aliyekuwa na programu ya kutafuta, ya kutunza nyaraka au ya kutoa ripoti akaibatiza jina la potali. Epicentric, Viador, DataChannel, TopTier, Hummingbird, majina yalikuwa mengi kuliko wateja. Plumtree, mojawapo ya zilizofanikiwa zaidi kati ya hizo, haikufikia mauzo ya dola milioni 100 kwa mwaka. Nitaifikia sababu, ila kwanza inafaa kuona bidhaa yenyewe ilivyotengenezwa, maana watu wakisikia kampuni imemezwa huwa wanadhani bidhaa ilikuwa mbovu.

Ukurasa unavyojengwa

Ukiufungua ukurasa wa potali wenye visanduku sita, kinachokuja kwenye skrini yako kimetoka kwenye mashine sita. Kisanduku cha likizo kinauliza mfumo wa watumishi, cha mauzo kinauliza Siebel, cha barua pepe kinauliza Exchange. Njia rahisi ya kuijenga potali ni kuviweka visanduku vyote ndani ya programu moja, kwenye seva moja, viitwe kimoja baada ya kingine. Njia hiyo ina ubaya wake. Kisanduku kimoja kikikwama, ukurasa mzima unakwama, na aliyekiandika vibaya anaweza kuiangusha seva yote.

Plumtree ilifanya kinyume. Gajeti ziliishi kwenye seva zao, mbali na potali, na potali ilizungumza nazo kwa HTTP, itifaki ile ile ya wavuti. Mtumiaji akiomba ukurasa, potali ilituma maombi yote sita kwa wakati mmoja, ikasubiri kwa muda uliowekwa, ikachukua majibu yaliyorudi na kuyapanga kwenye ukurasa. Lililochelewa liliachwa nje, au nafasi yake ikajazwa na nakala iliyohifadhiwa dakika chache nyuma. Seva ya mauzo ikifa asubuhi ya Jumatatu, watu waliendelea kuona barua pepe zao.

Faida nyingine ya mpango huu haikuwa ya kiufundi. Kwa kuwa mawasiliano yalikuwa ya HTTP, gajeti iliweza kuandikwa kwa lugha yoyote. Idara ya fedha yenye fundi wa Java ikaandika kwa Java, na idara ya masoko yenye kijana anayejua ASP ikaandika kwa ASP. Hakuna aliyelazimishwa kuhama. Viwango rasmi vya kuunganisha potleti, JSR 168 kwa upande wa Java na WSRP kwa potleti za mbali, vilitoka 2003, wakati Plumtree ilikuwa imeshaizoea kazi hiyo kwa miaka. Nayo potali yenyewe, iliyozaliwa kwenye mazingira ya Microsoft, ikaja kuendeshwa kwa Java na kwa .NET pia, mteja achague. Kauli yao ya mauzo wakati huo ilihusu uwazi uliokithiri: sisi si wa Microsoft, si wa IBM, si wa SAP, leteni mfumo wowote tutauweka kwenye ukurasa.

Nimesema bidhaa ilikuwa nzuri, na sijabadilika. Taabu ilikuwa kwenye mambo ambayo potali haikuwa na mamlaka nayo.

Nywila za watu wengine

La kwanza ni nywila. Ahadi ya potali ilikuwa kuingia mara moja, yatosha. Sasa fikiria kinachotokea nyuma. Umeingia kwenye potali kwa akaunti yako ya Windows. Kisanduku cha likizo kinataka kuuliza PeopleSoft, na PeopleSoft haiijui akaunti yako ya Windows. Inaijua namba yako ya utumishi na nywila nyingine. Potali itafanyaje? Mara nyingi jibu lilikuwa kuitunza nywila yako ya PeopleSoft mahali palipofungwa na kuipeleka kila inapohitajika, kana kwamba ni wewe unayeiandika. Hapo pamezaliwa ghala la nywila za kampuni nzima ndani ya mfumo ambao kazi yake ilikuwa kuonyesha habari. Mtumiaji akibadilisha nywila upande wa pili, kisanduku kinageuka ujumbe wa hitilafu. Dawati la msaada linapigiwa simu, halijui kama kosa ni la potali au la mfumo wa watumishi.

Suluhisho la kweli lilitaka mifumo yote ikubaliane kwamba kuna mahali pamoja panapothibitisha mtu ni nani, na mifumo mingine ipokee hati ya uthibitisho badala ya nywila. SAML, kiwango kilichofungua njia hiyo, kilitoka kwa mara ya kwanza 2002, na toleo la 2.0 lililoenea likatoka 2005. Ila SAML haifanyi kazi mpaka mwenye mfumo akubali kuiweka upande wake. Plumtree haikuweza kuilazimisha PeopleSoft, na haikuweza kuilazimisha SAP. Iliweza kusubiri tu.

La pili, na kwangu ndilo zito zaidi, ni kwamba kisanduku kilionyesha kazi bila kuimaliza. Kinakwambia zimebaki siku 14 za likizo. Vizuri. Sasa nataka kuomba tano. Nabofya, natupwa ndani ya mfumo wa watumishi wenye rangi nyingine, menyu nyingine, na pengine ukurasa mwingine wa kuingia. Mwenye mfumo ndiye aliyeamua nini kisomeke kutoka nje na nini kisiandikwe kutoka nje. Kusoma kulikuwa rahisi kukubaliwa. Kuandika kulimaanisha kanuni zote za mfumo, nani aidhinishe, nani asaini baada ya nani, zirudiwe ndani ya gajeti, na zirudiwe tena kila mfumo unapopandishwa toleo. Kampuni nyingi zikaishia kwenye kuonyesha. Na ukurasa wa kuonyesha tu, hata uwe mzuri namna gani, mfanyakazi huacha kuufungua mara anapoweka alama kwenye kivinjari chake ya mfumo anaouhitaji kweli. Anakwenda moja kwa moja. Nani anapita sebuleni kila siku kama mlango wa jikoni uko wazi?

Tukiwa hapo kwenye uzuri wa ukurasa, kuna jambo la pembeni ambalo wanasheria wanalikumbuka kuliko wataalamu wa kompyuta. Plumtree ilishtakiwa na kampuni iitwayo Datamize kwa kukiuka hataza kuhusu programu ya kupangilia skrini, hataza iliyotaka muonekano wa skrini "upendeze". Tarehe 5 Agosti 2005 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Shirikisho ya Marekani ilikubaliana na Plumtree: kipimo kinachotegemea jicho la mtu mmoja mmoja hakiwezi kuweka mpaka wa haki ya mtu, kwa hiyo madai hayo ya hataza ni batili. Kesi hiyo hunukuliwa na mawakili wa hataza mpaka leo. Plumtree ilishinda, na kabla mwezi haujaisha ikatangazwa kuuzwa.

Wenye mifumo wanarudi kudai chao

Wakati Plumtree inahangaika na mambo hayo, wenye mifumo hawakulala. Machi 2001 SAP ilitangaza kuinunua TopTier, kampuni ya Shai Agassi, kwa dola milioni 400, na potali ikawa sehemu ya SAP. IBM ikaja na WebSphere Portal. PeopleSoft ikatengeneza potali yake, Oracle ikawa na yake, BEA yenyewe ikawa na WebLogic Portal. Microsoft ilitoa SharePoint Portal Server mwaka 2001, toleo ambalo halikumtisha mtu. Hatua iliyouma ilikuja 2003, pale Windows SharePoint Services ilipotolewa kwa wenye Windows Server 2003 bila leseni ya ziada. Idara yoyote yenye seva ya Windows iliweza kujifungulia tovuti ya kikundi, ikaweka mafaili, orodha na kalenda, bila kuomba bajeti na bila kumwambia mtu.

Jiweke kwenye kiti cha mkuu wa TEHAMA mwaka 2003. Shabiki wa Plumtree (kila kampuni kubwa alikuwepo mmoja) anakuletea ankara ya leseni ya potali. Muuzaji wa SAP anakuambia potali imo kwenye mkataba wako. Wa Microsoft anasema unayo tayari, hujaiwasha. Zote mbili ni mbovu kuliko Plumtree kwenye kuunganisha mifumo ya watu tofauti, na unalijua hilo. Lakini utaitetea vipi ankara ya tatu mbele ya mkurugenzi wa fedha, miaka michache baada ya puto la kampuni za intaneti kupasuka? Epicentric, mshindani wa karibu wa Plumtree, iliuzwa kwa Vignette mwishoni mwa 2002 kwa takriban dola milioni 32. Bei hiyo inasema mengi kuhusu hali ya soko.

Plumtree ilikuwa kama dalali wa nyumba. Dalali anazijua nyumba zote mtaani, anakuzungusha vizuri kuliko mwenye nyumba yeyote, hana upendeleo. Lakini funguo si zake, kodi haipangi yeye, na siku wenye nyumba wakiamua kubandika vibao vyao wenyewe getini, kazi yake imepungua nusu. Kutokuwa na upande, ambako ndiko kulikomfanya mteja aiamini Plumtree, ndiko kulikoinyima nguvu ya kumlazimisha yeyote kufungua mlango. (Kelman mwenyewe aliondoka kabla ya mauzo na mwaka 2005 akaenda kuongoza Redfin, kampuni ya udalali wa nyumba huko Seattle. Sikupanga mfano wangu uangukie hapo.)

Ingekuwaje kama wangejenga nyumba yao? Walijaribu. Kuanzia karibu 2002 Plumtree iliongeza programu zake juu ya potali: ya kushirikiana kwenye miradi na nyaraka, ya kuandaa maudhui, ya kutengeneza fomu ndogo bila kuandika msimbo. Wafanyakazi waliweza sasa kuanza na kumaliza jambo ndani ya potali. Uamuzi ulikuwa sahihi kwa hoja na mbaya kwa uwanja, kwa sababu kushirikiana kwenye nyaraka ndipo hasa SharePoint ya bure ilipokuwa inapiga kambi, na nyaraka zenyewe ziliandikwa kwa Word na Excel. Aliyemiliki Word alimiliki kitufe cha kuhifadhi. Mwaka 2008 Microsoft ilitangaza kuwa mauzo ya SharePoint yamevuka dola bilioni 1.

Kuna jambo jingine ambalo sioni likipewa uzito wake. Plumtree iliuza dawa ya mifumo mingi ya wauzaji wengi, na wauzaji hao walikuwa wanapungua. Januari 2005 Oracle ilimaliza kuinunua PeopleSoft. Septemba mwaka huo, wiki chache baada ya tangazo la BEA na Plumtree, Oracle ikatangaza kuinunua Siebel. Kiufundi mifumo ilibaki ile ile, yenye hifadhidata zake na nywila zake, na mfanyakazi hakuona nafuu yoyote. Lakini mkataba ulikuwa mmoja, na muuzaji mmoja aliweza kuahidi kwamba ataiunganisha mwenyewe, siku moja. Ahadi hiyo ilitosha kumfanya mnunuzi asubiri.

Baada ya mauzo

BEA iliipa bidhaa jina jipya, AquaLogic User Interaction, na ikabaki na potali mbili: WebLogic Portal kwa kampuni zinazotumia Java, na hii ya Plumtree kwa wenye mchanganyiko wa mifumo. Januari 2008 Oracle ilikubali kuinunua BEA kwa takriban dola bilioni 8.5, na Aprili ikakamilisha. Jina likabadilika tena, likawa WebCenter Interaction.

Sasa hesabu. Oracle ilikuwa na Oracle Portal yake ya zamani. Ilikuwa na potali ya PeopleSoft. Ilikuwa inajenga WebCenter. Kutoka BEA ilipata WebLogic Portal na ile ya Plumtree. Mwaka 2010 ikaimeza Sun Microsystems, na Sun nayo ilikuwa na potali. Potali sita ndani ya kampuni moja, za programu ambayo sifa yake ya kwanza ilikuwa kuondoa wingi. Wateja wa Plumtree walipewa muda, marekebisho na mwaliko wa kuhamia WebCenter, na wengi wao nadhani walihamia SharePoint.

IBM nayo ilichoka na yake. Desemba 2018 ilitangaza kuiuzia HCL ya India kundi la bidhaa, zikiwemo Notes na potali iliyokuwa ikiitwa WebSphere Portal, kwa dola bilioni 1.8.

Kilichobaki hai cha fani hii kimeshuka chini, mahali mtumiaji hapaoni. Kuthibitisha mtu ni nani kumekuwa huduma ya kujitegemea. Mfanyakazi anaingia mara moja kwenye akaunti ya kampuni na mifumo yote inampokea kwa SAML au kwa kiwango kilichofuata, bila ghala la nywila. Kuunganisha mifumo kumehama kutoka kwenye ukurasa kwenda nyuma ya pazia, mfumo unauliza mfumo bila kupitia macho ya mtu. Tanzania hilo linaonekana wazi: Mamlaka ya Serikali Mtandao imetengeneza GovESB, mfumo unaoziwezesha taasisi za serikali kubadilishana taarifa moja kwa moja, ili mwananchi au ofisa asigeuzwe mjumbe wa kubeba namba kutoka tovuti hii kwenda ile.

Na ukiitazama ESS ya watumishi wa umma wa Tanzania kwa jicho la kisa hiki, unaona kwa nini inafanya kazi ambayo Plumtree haikuiweza, ingawa kwa ufundi wa kujenga ukurasa haiikaribii. ESS ni ya Ofisi ya Rais, Utumishi, na kumbukumbu za watumishi zilizo nyuma yake ni za ofisi hiyo hiyo. Anayeomba uhamisho anaombea hapo, mwajiri wake anashughulikia hapo, jibu linarudi hapo. Hakuna mwenye mfumo mwingine wa kubembelezwa. Malalamiko ya walimu wanaojaza malengo ya PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi, kwa simu ndogo, mtandao ukisuasua, ni malalamiko ya haki, lakini ni ya aina nyingine: yanahusu wingi wa kazi na uwezo wa seva. Hakuna anayelalamika kwamba amefika kwenye kitufe cha kuomba akakuta hakuna kitu nyuma yake. Udhaifu wa mpango huo unaonekana pale jambo linapovuka mipaka ya mwenye mfumo. Mkopo unahitaji benki, hati ya mshahara inahusu Hazina, matibabu yanahusu bima. Kila mmoja wa hao anaweza kuwa na lango lake, na kila lango jipya linalofunguliwa linaongeza nywila kwa mtumishi yule yule.

Kwa wanaonunua au kujenga potali leo, swali ambalo ningeliuliza kabla ya kuona picha yoyote ya skrini ni hili: orodhesheni mambo kumi ambayo mfanyakazi huyafuatilia sana, kisha mnionyeshe nani ameshakubali, kwa maandishi, kwamba yaanzie na yaishie ndani ya ukurasa huu. Mkuu wa rasilimali watu amekubali? Mwenye mfumo wa fedha amekubali? Kama waliokubali ni idara ya mawasiliano peke yake, mtakachopata ni gazeti la kampuni lenye picha za hafla, na hilo halihitaji leseni ya potali.

Februari 2021, watu wakiwa bado wanafanyia kazi majumbani kwa ajili ya korona, Microsoft ilitangaza Viva. Sehemu yake mojawapo, Viva Connections, ni ukurasa unaofunguka ndani ya Teams, umepangwa kadi: kadi ya zamu, kadi ya kazi za kuidhinisha, kadi ya hati ya mshahara, kadi ya habari za kampuni. Kadi inaweza kutengenezwa na mtu mwingine, kuuliza mfumo ulio mbali na kuonyesha jibu. Fundi yeyote aliyeandika gajeti za Plumtree angeitambua papo hapo. Tofauti ni kwamba safari hii anayeuza ukurasa ndiye mwenye barua pepe, mwenye akaunti ya kuingilia, mwenye mafaili na mwenye mazungumzo ya ofisi nzima.